Hapana ya Deerhoof ilianza kuandaliwa mwaka 1994

Mwishoni mwa Juni 2025 bendi ya Deerhoof, wakongwe wa rock ya indie waliotokea San Francisco, walitangaza kwamba wanaziondoa nyimbo zao Spotify. Sababu hawakuificha. Daniel Ek, mwanzilishi mwenza wa Spotify na mkurugenzi wake mkuu wakati huo, alikuwa ameongoza kupitia kampuni yake ya uwekezaji, Prima Materia, uchangishaji wa yuro milioni 600 kwa ajili ya Helsing, kampuni ya Ujerumani inayounda droni na programu za akili unde za kivita. Ek mwenyewe ndiye mwenyekiti wa Helsing. Deerhoof walisema hawataki muziki wao uue watu, wala mafanikio yao yafungamane na zana za vita. Julai Xiu Xiu wa Marekani wakatangaza kuondoka, King Gizzard & the Lizard Wizard wa Australia nao wakaondoka, na Septemba wakafuata Massive Attack wa Uingereza. Tangu hapo, anayeandika juu ya wanamuziki na majukwaa ya mtandaoni huwataja Deerhoof kama waliofungua mlango, na huwapa moja ya majina mawili: mashujaa waliojitoa sadaka, au bendi ndogo iliyopata njia rahisi ya kusikika.

Majina yote mawili hayawafai. Anayewaita mashujaa anadhani walipoteza kitu kikubwa siku ile. Anayewaita wajanja anadhani hawakuwa na cha kupoteza. Wote wanatazama siku moja ya Juni na kusahau miaka iliyoitangulia. Hoja yangu ni kwamba uamuzi ule ulikuwa umeshafanyika kidogo kidogo kwa miaka 30, katika mambo ambayo hayaandikiwi habari: ngoma ngapi za kubeba kwenye gari, wapi pa kurekodi, mkataba gani wa kusaini na upi wa kuacha mezani. Kufikia 2025 kazi iliyobaki ilikuwa kutangaza. Tukiielewa hivyo, maswali tunayowauliza wanamuziki wengine yanabadilika, na hasa lile swali linalorushwa siku hizi kwa kila kijana mwenye gitaa: wewe mbona bado uko Spotify?

Turudi mwanzo. Deerhoof ilianza mwaka 1994 kama mradi wa Rob Fisk, na Greg Saunier akajiunga naye kwenye dramu muda mfupi baadaye. Walichokipiga wakati huo kilikuwa kelele za kubuni papo hapo, muziki ambao hata wapenzi wa rock ngumu wengi wangeupisha njia. Mwaka 1995 Slim Moon, mwenye lebo (kampuni ya kutoa muziki) ya Kill Rock Stars ya mji wa Olympia katika jimbo la Washington, aliwaona jukwaani kwenye tamasha akawachukua. Mei mwaka huohuo Satomi Matsuzaki aliwasili Marekani akitokea Japani. Ndani ya wiki moja alikuwa mwimbaji wa Deerhoof, na muda si mrefu akawa ziarani nao, ilhali hajawahi kuwa kwenye bendi yoyote maishani mwake. Bendi inayopata mwimbaji kwa namna hiyo haina mpango wa kuingia redioni. Sauti yake nyembamba na tulivu, isiyopambwa, ikielea juu ya magitaa yanayokatika bila taarifa na dramu zinazokimbia, kusimama na kuanguka tena, ndiyo iliyokuwa alama yao hadi leo. Fisk aliondoka 1999, mwaka ambao John Dieterich aliingia na gitaa lake. Chris Cohen alikuwa nao kuanzia 2002 hadi 2006. Ed Rodriguez akaja 2008, na tangu hapo safu haijabadilika: watu wanne, na karibu albamu 20 za studio tangu ile ya kwanza ya 1997.

Sasa tazama mazingira waliyozaliwa ndani yake. Mwaka 1991 Nirvana walikuwa wametoka kwenye lebo ndogo ya Seattle wakauza mamilioni wakiwa kwenye lebo kubwa. Miaka mitatu minne iliyofuata, mawakala wa lebo kubwa walizunguka miji ya Marekani wakisaini karibu kila bendi yenye magitaa machafu. Utaratibu ulikuwa huu. Lebo inatoa fedha ya utangulizi, na bendi inaiona kama mshahara. Kwa kweli ni mkopo unaolipwa kutokana na mgao wa bendi tu: studio, prodyuza, video, matangazo, vyote vinaandikwa upande wa deni. Albamu inaweza kuuza nakala nyingi, lebo ikapata faida, na bendi ikaendelea kusoma kwenye taarifa zake kwamba inadaiwa. Wakati huohuo rekodi zenyewe, yaani kanda mama, ni mali ya lebo. Bendi nyingi nzuri za kizazi kile ziliishia hapo: ziliachwa baada ya albamu moja au mbili, nyimbo zao zimefungiwa kwenye kabati la kampuni iliyokwisha kuuzwa kwa kampuni nyingine, na wanachama wake hawana hata mtu wa kumpigia simu.

Deerhoof hawakupita njia hiyo. Hawakuwahi kusaini na lebo kubwa. Walikaa miaka mingi na Kill Rock Stars, wakahamia Polyvinyl ya Illinois, na sasa wako Joyful Noise ya Indianapolis. Zote ni lebo ambazo mwanamuziki anaweza kumjua kwa jina mtu anayefungasha sahani zake za santuri. Walijifunza kurekodi wenyewe, wakachanganya sauti wenyewe, na kwa muda mrefu wameishi miji tofauti wakitumiana vipande vya nyimbo kwa intaneti. Albamu yao ya kwanza kutengenezwa yote ndani ya studio halisi, na prodyuza kutoka mwanzo hadi mwisho, ilitoka 2023, ilirekodiwa Winnipeg, Kanada, nayo pia ndiyo ya kwanza kuimbwa yote kwa Kijapani. Hebu liangalie hilo vizuri. Bendi iliyokuwa na umri wa karibu miaka 30, iliyowahi kutangulia jukwaani mbele ya Radiohead, ndiyo kwanza inalipia studio na prodyuza kwa albamu nzima. Na ilipofanya hivyo ilichagua lugha ambayo wengi wa wasikilizaji wake hawaielewi.

Halafu kuna dramu za Saunier. Waliowahi kumwona jukwaani wanazijua: ngoma ya mguu, ngoma ya vijiti, toazi moja au mawili, basi. Watu huzungumzia ubunifu, kwamba amejinyima ili alazimike kufikiri, na ni kweli. Mimi naona pia hesabu. Dramu chache ni mzigo mdogo, mzigo mdogo ni gari dogo, gari dogo ni mafuta kidogo, na mafuta kidogo maana yake ni kwamba ukumbi wa watu 150 unalipa. Bendi inayoweza kurudi nyumbani bila hasara kutoka kwenye ukumbi wa watu 150 haina haja ya kumwomba mtu yeyote ruhusa ya kuendelea kuwepo. Naamini hilo ndilo limewaweka hai kuliko sifa zote walizopewa na wahakiki, ingawa sifa nazo hazikuwa haba.

Kuna jambo jingine katika historia yao linalosaidia kuelewa Juni 2025, nalo ni jinsi wanavyouona wimbo. Mwaka 2008, kabla ya kutoa albamu yao ya mwaka huo, walichapisha nota za wimbo mmoja kabla rekodi haijasikika, wakawaalika mashabiki waupige na kuurekodi wanavyoona inafaa. Miaka miwili kabla, watoto wa shule katika kisiwa cha North Haven, jimbo la Maine, walicheza albamu yao nzima ya 2004 kama tamthilia ya kucheza. Kwa bendi ya namna hii rekodi ni nakala moja tu ya wimbo kati ya nyingi zinazowezekana. Wimbo wenyewe uko kwa wanaoupiga. Mtu mwenye imani hiyo akiambiwa kwamba asipokuwepo kwenye jukwaa fulani la simu muziki wake utakuwa haupo, hashtuki, kwa sababu hakuwahi kuamini kwamba muziki wake unakaa humo.

Tuje kwenye fedha, maana hapo ndipo mabishano mengi yanapotea njia. Spotify hailipi kiasi maalumu kila wimbo unaposikilizwa. Inakusanya ada za wasikilizaji na fedha za matangazo katika mfuko mmoja, inabakiza sehemu yake, na zinazobaki, takriban theluthi mbili, zinagawiwa wenye haki kulingana na sehemu yao katika misikilizo yote. Maana yake, shabiki aliyelipa ada ya mwezi akasikiliza Deerhoof peke yao, sehemu kubwa ya fedha yake inakwenda kwa wanamuziki wakubwa ambao hakuwasikiliza hata mara moja. Makadirio yanayotajwa sana ni sehemu tatu hadi tano za kumi za senti moja, yaani dola 0.003 hadi 0.005 kwa kila msikilizo. Wimbo ukisikilizwa mara milioni moja, hiyo ni dola 3,000 hadi 5,000. Lebo huru nyingi hugawana faida na bendi nusu kwa nusu. Wagawie watu wanne nusu iliyobaki, kila mmoja anapata dola 375 hadi 625. Linganisha na usiku mmoja katika ukumbi wa watu 300 wenye tiketi ya dola 20: mlangoni zinaingia dola 6,000, na hata baada ya makato ya ukumbi, wakala na safari, fedha hiyo inaonekana. Tangu 2024 mambo yamezidi kubana kwa wadogo, kwani wimbo usiofikisha misikilizo 1,000 ndani ya miezi 12 haulipwi hata senti.

Kutoka hapo inazaliwa hoja inayorudiwa kuliko zote dhidi ya Deerhoof, nayo ndiyo dhaifu kuliko zote: kwamba hawakupoteza kitu, kwa hiyo msimamo wao hauna thamani. Wenyewe walikiri tangu siku ya kwanza kwamba Spotify ni sehemu ndogo ya kipato chao, na kwamba wapo wenzao wasioweza kufanya walichofanya wao. Lakini mtoa hoja anasahau tarehe. Aprili 2025, miezi miwili tu kabla ya tangazo, walikuwa wametoa albamu mpya. Yeyote aliyewahi kutoa kazi anajua kwamba miezi ya kwanza ndiyo miezi ya kusakwa na masikio, na Spotify, hata ikilipa kidogo, ndiyo mahali ambapo kijana wa miaka 17 anakutana na bendi asiyoijua. Gharama yao haikuwa kwenye mirabaha ya mwezi ule. Ilikuwa kwa wasikilizaji ambao sasa hawatakutana nao, na gharama hiyo haiwezi kuhesabiwa kwa sababu aliyekosekana haonekani kwenye takwimu. Tena, hata kama kipato kilichopotea kingekuwa sifuri, swali la msingi lingebaki: kwa nini kilikuwa kidogo? Zipo bendi zenye umri wao na umaarufu wao ambazo zisingeweza kuondoka, ama kwa sababu kanda mama si zao, ama lebo isingekubali, ama gharama za maisha yao zilipangwa juu ya mirabaha hiyo. Kipato kile kilikuwa kidogo kwa sababu miaka yote walijenga njia nyingine za kuishi. Kumwambia mtu kwamba kuondoka kwake hakuhesabiki kwa kuwa alijiandaa kuondoka ni sawa na kumlaumu mkulima mwenye ghala kwamba njaa haikumuuma vya kutosha.

Hoja nyingine zina nguvu zaidi, na si haki kuzipita haraka. Ya kwanza inatoka Ulaya. Helsing inasema silaha zake ni za kulinda nchi za kidemokrasia, na droni zake zimepelekwa Ukraine, nchi iliyovamiwa. Mtu wa Kharkiv anayesikia makombora usiku ana haki ya kuuliza: bendi ya Marekani inapata wapi ujasiri wa kuniambia nisilindwe? Swali hili linanisumbua, na sitajifanya kuwa tamko la Deerhoof lilinijibu. Tamko lile lilizungumza kama vile kila teknolojia ya vita ni moja, na dunia haiko hivyo. Ila kuna tofauti kati ya kusema Ukraine isijilinde na kusema muziki wangu usiwe mtaji wa kampuni ya silaha. Nchi inapojilinda kwa kodi, bunge hupiga kura na raia wanaweza kuiondoa serikali. Tajiri anapoweka utajiri wake kwenye silaha zinazosaidiwa na akili unde kuchagua shabaha, na utajiri huo umetokana na hisa za kampuni inayouza kazi za wanamuziki, hakuna aliyewauliza wanamuziki chochote. Watetezi wa Ek wanasema fedha ni zake binafsi, si za Spotify. Kisheria wako sahihi. Lakini anayeuza maziwa kwa kiwanda ana haki ya kuacha kuuza akijua faida ya mwenye kiwanda inakwenda wapi, hata kama sheria haimlazimishi mwenye kiwanda kueleza.

Ya pili ni ya kutobagua. Februari 2025 Google waliondoa katika kanuni zao ile ahadi ya kutotumia akili unde kwa silaha, na Google ndio wenye YouTube. Amazon nao wana mikataba ya kompyuta na jeshi la Marekani, na wana jukwaa lao la muziki. Tangazo la Deerhoof lilihusu Spotify. Je, hapo msimamo uko wapi? Nakubali kwamba kuna pengo. Sikubali kwamba pengo linafuta hatua. Asiyeweza kutoka kila mahali bado anaweza kutoka mahali pamoja, hasa pale ambapo uhusiano kati ya fedha na silaha unapitia kwa mtu mmoja mwenye jina na cheo. Ningependa hata hivyo kuwaona wakilizungumzia hilo waziwazi, kwa sababu wanaowafuata watakutana nalo, na jibu la kukwepa litawavunja moyo.

Ya tatu inatuhusu sisi moja kwa moja. Spotify ilifika Tanzania, Kenya na Uganda mwaka 2021. Kwa mwanafunzi wa Mwanza mwenye bando la wiki, jukwaa kama hilo au Boomplay ndilo duka, maktaba na redio. Sahani ya santuri ya Deerhoof haitamfikia, na ikimfikia hana cha kuipigia. Bendi zikiondoka zinawafungia mlango wasikilizaji wa mbali wasio na kadi ya benki, huku mashabiki wa Portland na Brooklyn wakiwa na njia tano nyingine za kuwapata. Hili naliona kuwa pingamizi zito kuliko yote, na linatajwa kwa nadra kwa sababu wanaobishana wengi wako Marekani na Ulaya. Sina jibu la kulimaliza. Nasema tu kwamba kabla ya 2021 muziki ulitufikia pia, kwa kanda, kwa flashi, kwa mtu aliyerudi safari, na kwamba jukwaa linalomlipa mwanamuziki wa Tanzania kwa ada za Tanzania, ambazo ni ndogo, halijawa rafiki wa msikilizaji na mwanamuziki kwa pamoja.

Mahali ninapoachana na Deerhoof wenyewe ni kwenye utabiri wao. Walisema Spotify inajimaliza, na kwamba mbinu hizi za kutajirika haraka mtandaoni hupitwa na wakati. Hesabu hazionyeshi hivyo. Mwaka 2024 ulikuwa wa kwanza kwa Spotify kumaliza na faida ya mwaka mzima, na ulipofungwa ilikuwa na wateja wa kulipia zaidi ya milioni 260. Vivyo hivyo kwa mashabiki walioshangilia Septemba 2025 Ek alipotangaza kuacha ukurugenzi mkuu kuanzia Januari 2026, wakidai ususiaji umemng'oa. Hakung'oka. Alihamia cheo cha mwenyekiti mtendaji, na waliochukua nafasi yake, Gustav Söderström na Alex Norström, ni watu wake wa miaka mingi. Kuondoka kwa bendi chache hakukuitikisa kampuni, na hatua inayopimwa kwa kipimo hicho itaonekana imeshindwa kila mwaka. Neil Young, mkongwe wa rock, aliondoka Januari 2022 akipinga podikasti ya Joe Rogan, iliyokuwa Spotify pekee wakati huo, akarudi Machi 2024 kwa sababu podikasti ileile ilikuwa imeenea kwenye majukwaa mengine, na yeye hakuweza kuyaacha yote. Kwa Young, kuondoka kulikuwa shinikizo, na shinikizo liliposhindwa hakukuwa na sababu ya kubaki nje. Deerhoof walisema wao ni biashara ndogo ya kifamilia inayojua kutosheka. Mwenye duka dogo anayekataa kuuza bidhaa fulani haendi kila asubuhi kuangalia kama kiwanda kimefungwa.

Nikasema mwanzo kwamba watu wanarusha swali: mbona bado uko Spotify? Kwa bendi ya vijana watatu wa Ohio au Arizona, waliosaini mwaka jana, swali hilo halina msaada. Uamuzi wa kuondoka hauko mikononi mwao. Uko kwenye kifungu cha mkataba ambacho pengine hawakukisoma, kinachompa msambazaji haki ya kuweka nyimbo popote apendapo. Wakati wa kuwaambia ni kabla ya kalamu. Deerhoof waliweza kwa sababu lebo zao zilikubali nao, na zilikubali kwa sababu ni lebo za watu waliokaa nao miaka mingi, si kwa sababu mwanasheria alishinda. Anayetaka kuona hatua kama hii zaidi atafute kwanza mikataba yenye kifungu kinachompa mwanamuziki sauti juu ya wapi kazi yake inauzwa, na lebo zinazoweza kuishi bila misikilizo ya mamilioni. Bila hivyo tutabaki kuwasifu watu wanne na kuwalaumu maelfu.

Sasa twende Kinshasa. Nilikutana na jina la Deerhoof nikifuatilia Konono N°1, kundi la Mawangu Mingiedi lililochukua likembe, ndugu ya ilimba ya Wagogo, wakaliunganisha na vipaza sauti walivyojitengenezea kwa sumaku za magari mabovu. Albamu yao ya 2004 kwa lebo ya Crammed Discs ya Brussels iliwashtua wapenzi wa rock duniani, kwa sababu waligundua kwamba ule mngurumo mchafu wanaoupenda ulikuwa umeshavumbuliwa kwenye mitaa ya Kinshasa kwa sababu nyingine kabisa: kelele za jiji zilizidi sauti ya ala. Mwaka 2011 Konono N°1 na Kasai Allstars, kundi jingine la Kinshasa, walikutanishwa na Deerhoof, Juana Molina wa Argentina, Wildbirds & Peacedrums wa Sweden na wengineo, jumla karibu wanamuziki 20, wakafanya mazoezi na kuzunguka Ulaya pamoja. Rekodi zake zilikuja kutoka 2022, na jina la albamu ni swali lililowasumbua mazoezini: moja iko wapi? Yaani mapigo yanaanzia wapi. Kwa Saunier na wenzake, kila kipande kilikuwa na mwanzo wake. Kwa wapigaji wa Kasai mzunguko ule ungeweza kuanzia mahali pengine kabisa, na wote wakawa sahihi.

Albamu ile ndiyo inayonirudisha kwenye uzito wa jambo hili kuliko tamko lolote. Mingiedi alifariki 2015, hakuiona ikitoka. Waliobaki wako Kinshasa, Marekani, Sweden, Argentina. Ikiwa mmoja wao hataki tena sauti yake iuzwe Spotify, je, nani anaulizwa? Deerhoof wanaweza kuyajibu hayo kwa nyimbo zao wenyewe kwa sababu walijenga nyumba yao kwa mikono yao. Kwenye nyimbo zile za watu 20, mpiga likembe ambaye senti chache kutoka Brussels zinamlipia nauli ya wiki ana neno, na neno lake linaweza kuwa kinyume na la mpiga dramu wa Marekani, na sijaona mahali ambapo limeombwa.